Ngumi Kama Egemeo: Mshale na Upinde wa Kuwindia katika Nyika za Wajir na Garissa

Kila upinde, uwe umechongwa kwa panga kutoka kwenye tawi moja la mti au umeundwa kiwandani kwa aluminiamu na nyuzi za kaboni, unahitaji mahali pa kuulaza mshale tangu upote, yaani kamba ya upinde, unapoanza kuvutwa hadi mshale unapoondoka, na mahali hapo ndipo panapoitwa hapa egemeo la mshale. Wawindaji wa Marekani na Ulaya wa siku hizi hununua egemeo dukani kama kifaa kinachojitegemea, hulifunga kwa skrubu ubavuni mwa upinde, kisha hulisogeza milimita baada ya milimita mpaka mshale uruke umenyooka. Wawindaji wa jadi wa kaskazini mashariki mwa Kenya, kuanzia nyanda za Wajir hadi msitu wa Boni ulio mpakani mwa kaunti za Garissa na Lamu, hawakuwa na kifaa cha namna hiyo, na mtu anayezitazama pinde zao kwa haraka anaweza kudhani kwamba suala lenyewe halikuwahi kuwashughulisha. Ukweli ni kinyume cha hivyo. Egemeo lilikuwepo, nalo lilikuwa ngumi ya mwindaji, na kwa kuwa ngumi haifungwi kwa skrubu wala haisogezwi kwa kipimo, kazi yote ya kurekebisha ilihamia kwenye mshale, ambao ulichaguliwa, ukanyooshwa, ukakatwa na kuvikwa manyoya mpaka ukaafikiana na mkono wa mtu mmoja na upinde mmoja.

Historia ya ustadi huo haiwezi kusimuliwa bila kuwataja kwanza watu waliokuwa nao, kwa sababu katika eneo hili upinde haukuwa silaha ya kila mtu. Wafugaji wa ngamia na ng'ombe, Wasomali na Waborana, walibeba mikuki na baadaye bunduki, na upinde waliwaachia watu wa makundi madogo waliohesabiwa kuwa nje ya nasaba za wafugaji. Miongoni mwa Waborana kundi hilo lilikuwa Waata, wawindaji wanaozungumza Kioromo ambao wametawanyika kutoka Marsabit, Moyale na Wajir hadi bonde la mto Tana na nyika ya Tsavo, na ambao huko kusini waliitwa na majirani zao Waliangulu au Wasanye. Katika msitu ulio kati ya Ijara na pwani ya Lamu walikuwepo Waaweer, wanaojulikana zaidi kwa jina la Waboni, ambao lugha yao ni ya Kikushi na inakaribiana sana na Kisomali ijapokuwa maisha yao yalitegemea asali, matunda ya porini na wanyama badala ya mifugo. Wasomali wenyewe nao walikuwa na wawindaji wao, Wamidgaan ambao siku hizi hujiita Madhibaan, waliofanya kazi za ngozi, uwindaji na ulinzi, na ambao watu wa koo kubwa hawakukubali kuoana nao.

Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita katika nchi ya Wasomali akielekea Harar mwaka 1854 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1856, aliwaeleza Wamidgaan kama watu wa upinde na mishale ya sumu. Kisomali chenyewe kimehifadhi kumbukumbu ya jambo hilo kwa njia iliyo wazi kuliko maandishi ya msafiri yeyote, kwa kuwa neno gabooye, ambalo maana yake ni podo, yaani mfuko wa kubebea mishale, ndilo lililogeuka kuwa jina la jumla la makundi ya wawindaji na mafundi waliodharauliwa. Upinde kwa Kisomali ni qaanso, na ule upinde wa rangi unaotokea angani baada ya manyunyu huitwa qaanso roobaad, upinde wa mvua, sawasawa na Kiswahili kinavyouita. Lugha mbili zisizo za ukoo mmoja zilitazama anga moja zikaona silaha ileile, lakini moja kati yake iligeuza kifuko cha silaha hiyo kuwa alama ya kuwatenga wenye kuibeba, na hilo ni doa ambalo mwanahistoria hana budi kulitaja kabla ya kusifu ufundi wowote.

Dharau hiyo ilikuwa na sababu zaidi ya moja, na mojawapo ilitokana na chakula. Fikihi ya Kiislamu ina mlango mzima unaohusu uwindaji, na inaruhusu kuliwa kwa mnyama aliyeuawa na mshale uliotoboa mwili wake endapo mpigaji alitaja jina la Mwenyezi Mungu alipouachilia, ila wanazuoni wametofautisha kifo kilicholetwa na ncha ya mshale na kifo ambacho sumu imeshiriki kukileta, na hicho cha pili wakakihesabu kuwa kinamharamisha mnyama. Mwindaji wa mishale ya sumu, kwa mtazamo huo, alikuwa mtu wa kula nyamafu, yaani nyama ya mnyama aliyekufa bila kuchinjwa kihalali, isipokuwa pale alipowahi kumfikia mnyama akiwa bado hai na kumchinja. Wafugaji wa Wajir walimtazama hivyo, hata walipokuwa wakipokea kutoka kwake pembe za ndovu, ngozi za twiga za kutengenezea vyombo, na habari za mahali mvua iliponyesha.

Pembe ndizo zilizoufanya upinde kuwa chombo cha uchumi wa mbali. Kwa muda mrefu wa karne ya 19 misafara ilisafirisha pembe kutoka bara kwenda Lugh, mji wa kando ya mto Juba, na kutoka huko hadi bandari za Barawa na Marka, na mingine ilishuka moja kwa moja hadi Lamu na Mombasa. Mnyororo huo wa biashara ulioishia India, Ulaya na Marekani ulianzia mara nyingi kwenye mshale wa Mwaata, ambaye kwa desturi alimpa mlezi wake Mworomo pembe moja ya kila tembo aliyemuua. Aneesa Kassam na Ali Balla Bashuna, katika utafiti wao kuhusu Waata uliochapishwa mwaka 2004, wameonyesha jinsi mfumo huo uliowapa wawindaji nafasi, japo ya chini, katika jamii ya Waborana ulivyovunjika baadaye na kuwaacha bila mlezi na bila msitu.

Upinde wa wawindaji hawa ulikuwa wa kipande kimoja cha mti. Miti ya jamii ya mkole, ambayo hustawi katika nyika kavu na ina ugumu unaoambatana na wepesi wa kupinda, imetumika sana Afrika Mashariki kwa pinde, mawano na bakora; wano ni mti wa mshale bila ncha yake. Upote ulisokotwa kutokana na kano, yaani mishipa migumu inayounganisha misuli na mifupa, ambazo huchukuliwa kwenye mgongo au miguu ya wanyama wakubwa, hukaushwa, huchambuliwa nyuzi na kusokotwa zikiwa na unyevu. Kigumba, yaani ncha ya chuma, kilifuliwa na wahunzi, ambao nao kwa Wasomali walikuwa kundi lililotengwa kwa jina la Tumaal, na katika karne ya 20 misumari mirefu ya seremala ilichukua nafasi ya chuma cha wahunzi katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Hakuna mahali popote katika mti huo ambapo pamechongwa kidaraja cha kuulaza mshale. Mti ni wa mviringo, na mshikaji huushika katikati, au chini kidogo ya katikati, kisha mshale hulala juu ya ngumi yake, ukigusa mti wa upinde kwa ubavu mmoja na kiungo cha kidole kwa upande wa chini.

Hapo ndipo tatizo linapozaliwa, na linafaa kuelezwa kwa utulivu kwa sababu ndilo kiini cha ufundi wote. Upote uko katikati ya upinde, lakini mshale, kwa kuwa mti wa upinde umesimama njiani mwake, umelazimika kukaa pembeni, na kwa hiyo wakati upote unaporudi kwenye mahali pake unausukuma mshale kuelekea katikati ya mti ambao mshale huo hauwezi kupita ndani yake. Kwa hesabu ya kawaida mshale ungetupwa pembeni kila mara. Hautupwi, kwa sababu wano hupinda: msukumo wa ghafla kutoka nyuma hulikunja kama fimbo inayosukumwa dhidi ya ukuta, likabonyea kwanza upande mmoja, kisha likarudi na kubonyea upande wa pili, na katika kurudi huko sehemu yake ya nyuma huzunguka mti wa upinde bila kuugusa. Katika miaka ya 1930 mhandisi Mmarekani Clarence Hickman aliupiga picha mwendo huo kwa kamera za kasi kubwa, na watu wa viwanja vya shabaha wakaona kwa macho jambo ambalo wachongaji wa mishale katika mabara yote walikuwa wakilitegemea kwa maelfu ya miaka bila kuliona.

Kupinda huko lazima kuwe kwa kiasi. Wano gumu mno halizunguki mti, hivyo kwa mtu anayevuta upote kwa vidole vya mkono wa kulia, na mshale wake ukiwa upande wa kushoto wa upinde, mshale hukwenda kushoto ya shabaha. Wano laini mno hupinda kupita kiasi likaenda kulia, au likavunjika. Ugumu wa wano nao hautegemei unene peke yake, kwani mshale mrefu hupinda kwa urahisi kuliko mfupi wa unene ule ule, na kigumba kizito hulifanya wano lijibu kana kwamba ni laini zaidi, kwa sababu uzito wa mbele huchelewa kuondoka wakati nyuma imeshasukumwa. Kwa hiyo mwindaji aliyebadilisha kigumba chepesi na kuweka msumari mzito alikuwa, kwa kweli, amebadilisha mshale mzima, na ilimbidi apunguze urefu wa wano au achague mti mnene zaidi. Kila upinde wenye nguvu tofauti ulidai mishale yake, na mishale iliyomtii baba haikuwa lazima imtii mwana mwenye mikono mifupi na upinde dhaifu zaidi. Hii ndiyo maana ya kurekebisha katika ufundi huu. Egemeo lilibaki kama lilivyoumbwa, na kilichonyolewa, kupashwa moto, kunyooshwa na kupimwa kwa jicho lililofumbwa nusu kilikuwa ni wano.

Manyoya yalikuwa na sehemu yake katika jambo hilo, na sehemu hiyo mara nyingi husahauliwa na wanaodhani kwamba kazi ya unyoya ni kuulinganisha mshale hewani tu. Unyoya wa ndege hulala chini unapoguswa na kuinuka tena baada ya kupita, na hivyo mshale uliovikwa manyoya ya tumbusi uliweza kuteleza juu ya ngumi tupu na kando ya mti wa upinde bila kurushwa nje ya njia yake, jambo ambalo bawa gumu la plastiki haliwezi. Hata hivyo, unyoya una uti, na uti huo una ncha ya mbele iliyokatwa, ambayo isipofungwa sawasawa kwa uzi wa kano uliolowanishwa na kulainishwa huchana ngozi ya kidole kila mshale unapopita. Kidonda kwenye kiungo cha kidole kwa mtu wa kawaida ni jambo la siku mbili, lakini kwa mtu ambaye mishale yake imepakwa sumu kilikuwa ni mlango wa mauti.

Sumu yenyewe ilitokana na mti ambao Waswahili huuita msunguti na Wasomali huuita waabaayo. Mbao, mizizi na magome yake huchemshwa kwa saa nyingi mpaka maji yageuke kuwa uji mzito mweusi kama lami, na uji huo hupakwa kwenye sehemu ya mshale iliyo nyuma ya kigumba, kisha sehemu hiyo huzungushiwa ukanda mwembamba wa ngozi ili isikauke wala isimguse mbebaji. Kutokana na jina la Kisomali, kupitia tahajia ya Kifaransa, dunia ya tiba ilipata neno ouabain, jina la kiini cha sumu hiyo ambacho mkemia Mfaransa Léon-Albert Arnaud alikitenga mwaka 1888. Kiini hicho huzuia pampu ndogo zilizo kwenye utando wa kila seli, zinazotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani, na moyo ambao pampu zake zimezuiwa hupoteza mwendo na kusimama. Mdenmark Jens Christian Skou, aliyeitambua pampu hiyo mwaka 1957 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997, aliufikia ugunduzi wake wakati ouabain ilikuwa tayari inajulikana maabara kama kizuizi cha mwendo huo wa chumvi, na hivyo elimu iliyohifadhiwa na watu waliotengwa kwa jina la podo ilichangia kufungua mojawapo ya siri kubwa za mwili wa binadamu.

Msunguti hupenda vilima na miinuko, na haustawi katika nyanda za chini za Wajir, kwa hiyo sumu yake ilikuwa bidhaa ya kununuliwa au kubadilishwa na watu wa mahali palipoinuka. Na pale isipopatikana palikuwepo waridi wa jangwani, mmea wa nyika kavu wenye shina nene lililovimba na maua mekundu, ambao utomvu wake umetumika pia kwa mishale katika Afrika Mashariki. Ubora wa sumu ulijaribiwa kwa damu: tone liliachwa litiririke mkononi au mguuni, kisha sumu ikaguswa kwenye mwisho wa mtiririko, mbali na jeraha, ikatazamwa jinsi weusi unavyopanda juu, na mjaribu akafuta damu kabla weusi haujafika pale ngozi ilipokatwa.

Sasa mtu akiuweka mshale huo juu ya upinde usio na egemeo la kifaa, ataona ni kwa nini urefu wa wano haukuwa jambo la kubahatisha. Upote ukivutwa kikamilifu, kigumba kinasogea nyuma kuelekea kwenye ngumi, na sehemu iliyopakwa sumu, ambayo wakati huo imeshavuliwa ukanda wake wa ngozi, inafuata nyuma ya kigumba. Wano likiwa fupi, sumu hukaa juu ya kidole chenyewe. Ngozi nzima haipitishi sumu hiyo kwa kiasi cha kuua, lakini ngozi iliyochanwa na uti wa unyoya, au na mwiba wa mgunga asubuhi hiyo, hupitisha. Mshale wa sumu ulipaswa basi kuwa mrefu kuliko mvuto wa mwenye upinde kwa kiasi cha kutosha kuiweka sumu mbele ya ngumi, na urefu huo wa ziada ulifanya wano liwe laini zaidi, na ulaini huo ukadai unene, na unene ukaleta uzito. Mambo haya manne yalifungamana, na fundi hakuweza kugusa moja bila kuyagusa mengine. Ndiyo sababu mishale mingi ya Waata iliundwa kwa vipande: wano lenye manyoya, na mbele yake kijiti kifupi cha kuchomekwa kilichobeba kigumba na sumu, ambacho kilibaki mwilini mwa mnyama wakati wano lilipochomoka na kuanguka, likaokotwa na kutumika tena. Methali ya Waswahili kwamba mshale kwenda msituni haukupotea ilikuwa kwa Waata habari ya kila siku, kwa kuwa wano lililokwisha kuafikiana na ngumi ya mwenyewe halikutupwa kwa urahisi.

Inasemwa mara nyingine kwamba mtu mwenye sumu kali hahitaji shabaha nzuri, kwa kuwa mshale ukiingia popote kazi yake imekwisha. Kauli hiyo ina ukweli kwa digidigi na swala twiga, wanyama wa ngozi nyembamba ambao ni wengi katika vichaka vya Wajir, lakini inapotosha ikipelekwa kwa tembo. Waata wa nyika ya Tsavo, ambao pinde zao ndizo zilizochunguzwa zaidi, walitumia pinde ndefu zilizohitaji nguvu ya zaidi ya ratili 100, sawa na kilo 45 na ushei, kuzivuta kikamilifu, na walimwendea tembo mpaka umbali wa hatua chache ambapo pumzi yake ilisikika. Nguvu hiyo haikutafutwa ili mshale uende mbali. Ilitafutwa ili upenye, na mshale unaofika shabahani ukiwa bado unayumba hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake kwenye ngozi, kwa sababu wano linapinda badala ya kusukuma kigumba. Kwa umbali wa hatua chache mshale hauna muda wa kutulia hewani kwa msaada wa manyoya. Unapaswa kuondoka kwenye ngumi ukiwa umetulia tayari. Hivyo sumu haikupunguza haja ya kurekebisha mshale, bali mawindo makubwa ya karibu yaliiongeza.

Mfano wa mbali unasaidia kupima jambo hili. Meli ya kivita ya Kiingereza Mary Rose ilizama mwaka 1545, na ilipoinuliwa kutoka chini ya bahari mwaka 1982 ilikuwa imewapa wachunguzi zaidi ya pinde ndefu 130 za mti mmoja, ambazo nguvu yake imekadiriwa kuanzia ratili 100 na kuendelea hadi zaidi ya 150. Hizo nazo hazina kidaraja wala kifaa, na wapiganaji wake walilaza mishale juu ya ngumi. Waingereza wamejenga jumba la makumbusho kwa ajili ya meli hiyo na wamewafanya wapiga upinde wake kuwa fahari ya taifa, ilhali mwindaji wa Kiwaata aliyevuta upinde wa nguvu ile ile katikati ya karne ya 20, wakati Ulaya ilikuwa imesahau ufundi huo kwa miaka mia tatu, aliandikwa katika daftari za mahakama kama jangili.

Egemeo la kifaa lilikuja kwa njia nyingine kabisa. Wachongaji wa pinde za michezo katika karne ya 20 walianza kukata dirisha katika mti wa upinde juu kidogo ya mshikio, ili mshale ukae karibu na mstari wa katikati, na sehemu ya chini ya dirisha hilo ikawa kidaraja kilichotandikwa ngozi au kitambaa chenye vinyweleo. Baadaye vilikuja vidole vya plastiki vya kubandika, vitufe vyenye springi vinavyousukuma mshale kwa upole ubavuni, maduara ya nywele ngumu yanayoushika mshale pande zote ili usianguke mwindaji anapotambaa, na maegemeo yanayoanguka chini mara tu upote unapoachiliwa ili yasiguse manyoya. Uta wa kapi, wenye magurudumu madogo kwenye ncha zake yanayopunguza uzito wa kushikilia upote, ulisajiliwa Marekani na Holless Wilbur Allen mwaka 1969, na kwa kuwa upote wake huachiliwa kwa kifyatuzi badala ya vidole, mshale hupinda kidogo tu na egemeo linaweza kuwekwa katikati kabisa. Mwenye upinde huo hupiga mshale kupitia karatasi iliyotandazwa, husoma umbo la tundu, na kusogeza egemeo kulingana na mpasuko. Ni njia nzuri na ya haraka, lakini imebadilisha mahali elimu inapokaa: kinachorekebishwa ni chombo, na mishale hununuliwa kumi na mbili kwa mara moja ikiwa imefanana.

Kwamba mageuzi hayo hayakufika Wajir na Garissa si kwa sababu wawindaji waliyakataa. Waingereza walipoweka kituo Wajir mwaka 1912, eneo lote lilitawaliwa kama Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, kwa sheria zilizobana mwendo wa watu, na kanuni za wanyamapori ziliweka leseni kwa mwenye bunduki na fedha huku zikiuhesabu mshale wa sumu kuwa kosa. Kusini, baada ya Hifadhi ya Tsavo kuundwa mwaka 1948, operesheni dhidi ya ujangili iliyoongozwa na walinzi wa hifadhi David Sheldrick na Bill Woodley kuanzia mwaka 1956 iliwafunga mamia ya watu na kuuvunja uwindaji wa Waata ndani ya muda mfupi. Mpango wa Galana, ulioanzishwa mwaka 1960 ili Waata waajiriwe kuwinda kwa kibali kando ya hifadhi hiyo, ulikuwa kukiri kwamba haki ilikuwa imepindwa, ingawa haukudumu kama ulivyokusudiwa.

Katika upande wa Garissa na Lamu, vita vya shifta, kati ya serikali na waasi wa Kisomali waliotaka kujitenga, vilivyoanza mara baada ya uhuru wa mwaka 1963 viliwatoa Waaweer msituni na kuwapanga katika vijiji vya kando ya barabara, ambako walitakiwa kulima. Mwaka 1976 Boni na Dodori zikatangazwa kuwa hifadhi, na mwaka 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji nchini Kenya, marufuku ambayo sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imeendelea nayo hata kwa mwindaji wa kitoweo cha siku moja. Operesheni ya kijeshi iliyoanza msituni humo mwezi wa Septemba 2015 ilifunga njia zilizobaki za kwenda kurina asali. Kupungua kwa tembo na kwa hirola, swala adimu wa Ijara, ni jambo la kusikitisha linalostahili sheria kali. Lakini ni haki pia kusema kwamba wenye bunduki ndio waliowamaliza tembo wa kaskazini mashariki katika miaka ya 1970 na 1980, na kwamba marufuku iliyowakuta wao wakikimbia iliwakuta Waaweer wakiwa nyumbani.

Mtafiti anayetaka kuandika ufundi huu kabla haujazikwa na wenyewe anakabiliwa na ugumu wa namna yake. Upinde uliotundikwa katika kabati la makumbusho unaweza kupimwa urefu, mti wake ukatambuliwa, na podo lililo kando yake likahesabiwa mishale. Egemeo halimo kabatini, kwa kuwa halikuwahi kuwa sehemu ya upinde. Kwa hiyo mzee wa Kiaweer au wa Kiwaata aliyewahi kuwinda asiombwe kwanza kutaja jina la mti wala jina la sumu. Akabidhiwe upinde usio na mshale, aukamate kama alivyoukamata zamani, na kitakachopimwa kiwe ni umbali wa ngumi yake kutoka kwenye ncha ya chini ya upinde, mteremko wa kiungo cha kidole chake, na kovu lililopo juu ya kiungo hicho pale uti wa unyoya ulipokuwa ukipita. Kisha aletewe mishale iliyochanganywa na ya watu wengine, atenge ile iliyo yake.